Ugaidi Mpakani, Hasara Dirishani

Richfield, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ni mji mdogo kati ya Minneapolis na uwanja wa ndege wa kimataifa. Makao makuu ya kampuni ya Best Buy yapo hapa, lakini kwa Wasomali na Wakenya wa eneo hili, biashara inayowagusa kila mwisho wa mwezi ni ya kutuma pesa nyumbani. Usalama kwenye mpaka wa Kenya na Somalia huiyumbisha kuliko hata bei ya dola.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Mteja anafika dirishani na dola 200, anaonyesha kitambulisho, anataja jina na namba ya simu ya mpokeaji. Wakala wa Garissa au Mogadishu analipa, mara nyingi siku hiyohiyo. Mawakala wenyewe husawazisha hesabu baadaye, kwa kawaida kupitia Dubai. Lakini bila benki ya Marekani kukubali akaunti ya wakala, dirisha hilo halifunguki.

Oktoba 2011, mwezi ambao majeshi ya Kenya yaliingia Somalia, mahakama ya shirikisho mjini Minneapolis iliwatia hatiani wanawake wawili wa Rochester kwa kulichangia pesa kundi la kigaidi la Al-Shabaab. Ilipofika Desemba 30, Sunrise Community Banks, iliyowahudumia mawakala wengi wa Minnesota, ilifunga akaunti zao kwa kuhofia sheria za ufadhili wa ugaidi. Somalia ilikuwa kwenye baa la njaa.

Kenya nayo ilifuata njia hiyo. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa na Al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, kisha baadaye ikazirejesha.

Hofu ya serikali ina msingi. Hata hivyo, pesa iliyopita dirishani ina jina, kitambulisho na kumbukumbu. Dirisha likifungwa, mama aliye Garissa bado anahitaji karo na unga, na noti zitamfikia zikiwa zimefichwa kwenye mizigo, bila mpelelezi yeyote kuziona. Kufunga dirisha ni kujipofusha.

Sasa kuna mzigo mwingine. Tangu Januari 1, 2026, Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma nje kwa fedha taslimu: dola 2 kwa kila 200. Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko hatozwi. Mwenye akaunti aitumie, na kila mtumaji adai risiti na kuitunza.