Gari Ikizimika Mlimani, Msikimbilie Kununua Pampu

Vikundi vingi bado vinategemea pikapu za zamani za kabureta, kama Peugeot 504 au Datsun, kupeleka maziwa na mboga sokoni. Jua likiwa kali, gari imepakia na inapanda polepole, mara inaanza kukohoa, halafu inazimika. Ukipiga stata, haiwaki. Baada ya nusu saa inawaka vizuri kama kwamba haikuwa na shida. Basi watu husema pampu imekufa, na pesa za kikundi zinaenda kununua ingine. Lakini mara nyingi pampu ni nzima.

Shida inatoka wapi?

Petroli haihitaji moto mwingi ili ichemke. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye joto la digrii 35 hivi. Tena, ukipanda juu vitu huchemka upesi zaidi: Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi ni kama 94 au 95. Petroli nayo ni hivyo hivyo.

Katika gari hizi pampu imefungwa kwenye injini, nayo huvuta petroli kutoka kwa tangi. Joto likizidi, petroli hugeuka mvuke ndani ya paipu. Pampu hii haiwezi kuvuta mvuke. Inapiga bure, na kabureta inakauka.

Jinsi ya kuzuia

1. Paipu ya petroli isipite karibu na ekzosi. Ikibidi, fundi wa jua kali aweke bati katikati, lisiguse paipu.

2. Kila asubuhi angalieni maji ya redieta na mkanda wa feni. Toeni matope na majani kwenye redieta.

3. Badilisheni paipu za mpira zilizopasuka na mkaze klipu. Tundu dogo likiingiza hewa, pampu inashindwa kuvuta.

4. Chini ya kabureta kuna kipande kinachozuia joto la injini. Fundi akikifungua, hakikisheni amekirudisha.

5. Mkimaliza mlima, msizime gari mara moja. Iacheni ingurume dakika mbili tatu ipoe. Mkiegesha, tafuteni kivuli na mfungue boneti.

Ikizimika njiani

Fungueni boneti mngoje. Lowesheni kitambaa kwa maji, mkizungushie pampu na paipu yake. Msimwagie injini moto maji baridi, inaweza kupasuka. Msifungue redieta ikiwa moto. Wala msimimine petroli kwenye kabureta kwa kikopo, maana moto unaweza kuruka na kuchoma watu.

Pia fungueni kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa sauti, tundu lake limeziba, lisafisheni tu.

Kabla ya kutoa pesa

Mweka hazina amwulize dereva: je, gari ikipoa huwaka yenyewe? Kama inazimika hata asubuhi ya baridi, shida si mvuke; fundi aangalie filta, plagi na pampu. Kama huzimika wakati wa joto peke yake, anzeni na mambo haya matano, na fundi apime koili pia, kwa sababu koili mbovu hufa ikipata moto. Bati na klipu ni bei ndogo kuliko pampu mpya, na maziwa yatafika kabla hayajaharibika.