Nani Yumo Katika Chumba cha Habari?

Agosti 1965 ghasia kubwa zilizuka Watts, mtaa uliokaliwa na watu Weusi katika jiji la Los Angeles, Marekani. Los Angeles Times, gazeti kubwa la jiji hilo, halikuwa na mwandishi Mweusi hata mmoja, na waandishi Wazungu hawakuweza kuingia mtaani bila kuhatarisha maisha yao. Aliyekwenda ni Robert Richardson, kijana Mweusi wa miaka 24 kutoka idara ya matangazo ya biashara. Alitembea mitaani, akawa anapiga simu ofisini kueleza anachokiona.

Mwaka 1966 gazeti lilipata Tuzo ya Pulitzer kwa habari za ghasia hizo. Richardson alipewa nafasi ya kujifunza uandishi, lakini hakudumu katika kazi hiyo.

Kisa hiki kina mafundisho mawili. La kwanza, chombo cha habari ambacho watu wake wote wanatoka upande mmoja wa jamii hakiwezi kuuona upande wa pili, hata kikiwa na fedha na mitambo. La pili, kumfungulia mtu mlango hakutoshi kama hakuandaliwa kwa kazi inayomngoja ndani.

Tume ya Kerner

Mwaka 1967 miji mingine, ikiwemo Newark na Detroit, nayo iliwaka moto. Rais Lyndon Johnson aliunda tume chini ya Otto Kerner, Gavana wa Illinois, ichunguze chanzo. Taarifa yake ilitoka mwaka 1968, na sura moja nzima ilihusu vyombo vya habari.

Tume ilisema vyombo hivyo viliitazama nchi kwa macho ya Wazungu peke yao. Watu Weusi walikuwa chini ya asilimia 5 ya waandishi na wahariri, na chini ya asilimia 1 ya wasimamizi wa vyumba vya habari. Wengi wa wasimamizi hao wachache walifanya kazi katika vyombo vya watu Weusi wenyewe. Kwa hiyo msomaji Mzungu hakuwa na namna ya kujua jirani yake anaishije, mpaka siku alipoona moshi.

Dawa ilikuwa mafunzo

Wahariri wengi walijitetea kwamba watu Weusi wenye ujuzi hawapatikani. Jibu lilikuwa kuwafundisha. Mwaka huohuo wa 1968, Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York kilianzisha mafunzo ya uandishi ya kipindi cha kiangazi kwa watu wa makundi madogo. Mmoja wa walioyaongoza baadaye ni Robert Maynard, mwandishi Mweusi aliyeacha shule akiwa na miaka 16. Mwaka 1977 Maynard na wenzake walianzisha taasisi huko California, ambayo leo ina jina lake. Mwaka 1983 alilinunua gazeti la Oakland Tribune.

Maynard alifundisha kwamba jamii ina nyufa tano: rangi, tabaka, jinsia, rika na mahali mtu anapoishi. Mwandishi ajiulize kila mara, katika habari hii niko upande gani wa ufa, na upande wa pili nimemsikiliza nani?

Kwa wanafunzi wa vyuo kuna mpango wa Dow Jones News Fund, shirika lililoanzishwa mwaka 1958. Wanaochaguliwa hufundishwa kwanza, kisha hupelekwa katika vyombo vya habari wakati wa likizo na kulipwa. Gazeti la New York Times nalo lilianzisha taasisi ya wanafunzi mwaka 2003, ikishirikiana na vyama vya waandishi Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini.

Malipo hayo si jambo dogo. Mwanafunzi anayefanya mazoezi bila posho lazima alipe nauli, chakula na chumba. Mtoto wa mwenye nacho atamudu. Mtoto wa kibarua ataacha na kutafuta kazi nyingine. Hapo hakuna aliyeandika kwamba maskini wasiingie, ila mlango umekwisha kufungwa.

Mwendo wa kinyonga

Mwaka 1978 chama cha wahariri wa magazeti ya Marekani kiliweka lengo: ifikapo mwaka 2000, sehemu ya makundi madogo katika vyumba vya habari ilingane na sehemu yao katika taifa. Wakati huo walikuwa karibu asilimia 4. Mwaka 2000 ulipofika hawakutimia asilimia 12, ilhali katika taifa walikaribia asilimia 30. Lengo likasogezwa mbele hadi mwaka 2025. Nia njema ilikuwepo, lakini nia bila fedha, mlezi na ajira haifiki mbali.

Kanisa linasemaje?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka mapadre, watawa na walei waandaliwe mapema kwa utume wa vyombo vya habari, na shule za kuwalea waandishi ziongezwe. Hapa kwetu taasisi ya Nyegezi, Mwanza, ilifundisha uandishi wa habari kwa miaka mingi, na mwaka 1998 ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino.

Katika ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni wa mwaka 2021, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alichagua neno la Filipo kwa Nathanaeli: “Njoo uone” (Yn 1:46). Alionya juu ya habari zinazotungwa mezani bila mtu kutoka nje kukutana na watu. Tukumbuke kwamba Nathanaeli alikuwa ameuliza kama kitu chema chaweza kutoka Nazareti. Aliyemponya dharau hiyo ni mtu aliyemwalika akaone mwenyewe.

Basi, ndugu mwamini, katika parokia yako yupo kijana anayesoma uandishi wa habari na anayetafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Jumuiya ndogondogo inaweza kumchangia nauli, na familia iliyo karibu na kituo cha redio inaweza kumpa chumba. Nawe frateri, ukipangiwa kesho kusimamia redio ya jimbo, tazama nani hayumo mezani: binti wa kijijini, mvuvi, mfugaji, mwenye ulemavu. Mwite, mfundishe, na umpe posho. Asipokuwepo yeye, habari za kwao zitasimuliwa na mtu ambaye hajawahi kufika.