Je, Wajua? Seva Haiwezi Kuingia Ndani ya Simu Yako

Ukiwa Chake Chake, Pemba, ukabonyeza kitufe cha kulipia tiketi ya boti kwenye tovuti, inayopokea ombi na kuandika nafasi yako ni seva, kompyuta ambayo huenda iko ng'ambo ya bahari. Lakini seva hiyo haiwezi kuingia ndani ya simu yako na kufungua kisanduku cha "Malipo yamepokelewa". Inachoweza ni kujibu tu. Ndani ya jibu hilo mtaalamu wa programu hutia skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kivinjari cha simu huyasoma na kuyatekeleza jibu likishafika. Lugha inayotumika sana kwa kazi hiyo ni JavaScript. Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliiunda mwaka 1995, na toleo la kwanza lilimchukua siku 10 tu!

Hatari huja mtandao unapokuwa mzito: jibu likichelewa, mtu hubonyeza tena, na huenda akalipa mara mbili. Wajenzi wa tovuti, kizimeni kitufe mara kinapobonyezwa, na seva nayo ilikatae ombi lilelile likija mara ya pili.