Mtoto wako anapenda kuchora? Fahamu namna sanaa inavyofundishwa chuo kikuu

Kama wewe ni mzazi hapa Kinama, huenda umewahi kufungua daftari la hesabu la mtoto ukakuta nusu ya kurasa ni picha. Huenda ulikasirika, na una sababu: daftari ni pesa, na familia nyingi, za wakimbizi na za wenyeji, huipata kwa shida. Lakini kabla hujamkataza, fahamu kwamba kuchora ni somo linalofundishwa hadi chuo kikuu. Mojawapo ya shule za zamani za sanaa katika kanda yetu iko Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Makala hii inakueleza inavyofundisha, na unachoweza kufanya kuanzia sasa.

Ilianzaje?

Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyeishi Uganda na mume wake daktari, alianza kufundisha kuchora Makerere. Mafunzo ya kwanza yalifanyika barazani, nyumbani kwake. Leo shule hiyo inaitwa kwa jina lake.

Trowell hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia jambo, kwa mfano habari za maisha ya kijijini. Wanafunzi walisikiliza, wakaiona picha vichwani mwao, kisha kila mmoja akachora alichokiona yeye. Pia aliheshimu kazi za mikono za wenyeji, kama vyungu na vikapu, na kuzihesabu kuwa sanaa.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Akiwa mbali na kwao, Ntiro aliendelea kuchora watu wa kijijini wakilima na kubeba pombe ya ndizi kwenda kwa bibi arusi. Baadaye alifundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akawa balozi wake London.

Kumbukumbu peke yake inatosha?

Mwaka 1958 Cecil Todd alichukua nafasi ya Trowell, na alikuwa na mawazo tofauti. Aliona kwamba mwanafunzi anahitaji pia kujua mwili wa binadamu ulivyojengeka, rangi zinavyofanya kazi, na historia ya sanaa ya dunia nzima. Wengine waliogopa kwamba masomo hayo yangewafanya vijana wasahau ya kwao.

Njia zote mbili zina faida. Ya kwanza inamwambia kijana: "Ulichokiona kina thamani." Ya pili inampa ufundi wa kukionyesha vizuri. Mwalimu mzuri hutumia zote.

Mfano uko Makerere kwenyewe, katika maktaba kuu. Pale kuna sanamu kubwa ya mbao ya Francis Nnaggenda, aliyekuwa mwalimu wa chuo hicho. Inaitwa "War Victim", yaani mwathirika wa vita. Ni mwili wa mtu aliyepoteza viungo, lakini bado amesimama. Wengi wetu tuliokimbia vita hatuhitaji mtu wa kutufafanulia maana yake.

Unaweza kufanya nini nyumbani?

Huhitaji rangi za bei. Kipande cha mkaa na boksi lililokatwa vinatosha kuanza.

- Msimulie mtoto jambo moja: soko la kwenu, kuvuka mto, siku ya mavuno. Mwambie afumbe macho kwanza, kisha achore.
- Usimsahihishe haraka. Muulize: "Huyu ni nani? Anafanya nini?"
- Usimlazimishe kuchora vita au safari ya kukimbia. Akichora mwenyewe, msikilize. Ukiona halali vizuri au anajitenga, zungumza na mhudumu wa afya.
- Akishazoea, mpe kitu cha kutazama na kuchora kama kilivyo: kikombe, kiti, mkono wake.

Njia ya kufika chuo

Kuchora hakuondoi masomo mengine. Bila cheti cha sekondari, mlango wa chuo kikuu ni mgumu kufunguka. Kwa hiyo mtoto achore, lakini na hesabu amalize.

Tunza vyeti vyote, viwe vya Kongo au vya Burundi. Ukiomba chuo cha nchi nyingine, vyeti hulinganishwa na vya huko kwanza. Makerere hufundisha kwa Kiingereza, basi anayesoma kwa Kifaransa aanze Kiingereza mapema. Tunza pia michoro yake iliyo bora, ukiandika tarehe nyuma.

Kwa mkimbizi kuna jambo moja zaidi. Usivuke mpaka kwenda kutafuta shule kabla hujauliza kuhusu hati ya kusafiria ya mkimbizi. Uliza ONPRA au HCR. Uliza pia kuhusu DAFI, mpango wa HCR wa kuwalipia wakimbizi masomo ya chuo kikuu, ulioanza mwaka 1992. Nafasi ni chache na huombwa kwa wakati maalum, kwa hiyo uliza mapema.

Kumbuka: huduma za HCR na mashirika yanayofanya kazi nayo ni bure. Mtu akikuomba pesa ili akuandikishe kwenye msaada wa masomo, usimpe. Toa taarifa.

Na lile daftari la hesabu? Mnunulie la pili ukiweza. Usipoweza, mtafutie boksi.