Land Rover za Arusha (3): Kabureta Yake Yenyewe

Wiki iliyopita tuliishia kwenye injini ya petroli ya lita 2.25 iliyoingia na Land Rover Series II mwaka 1958: silinda nne, mvuto mzuri kwa mwendo mdogo, haina makuu. Leo tunashika kile kinachoilisha.

Tangu tamasha la Land Rover la Oktoba 2024, Arusha ilipojaza magari barabarani kuisaka rekodi ya Wajerumani ya msururu wa magari 632, nimekuwa nikiwasikia wenye Land Rover kuukuu wakiulizana jambo ambalo zamani lisingemshughulisha mtu: hii kabureta ni yake, ile iliyotoka nayo kiwandani, au ni ya kubandika?

Mahali swali hilo lilipokolea hasa ni Marekani, kwa wapenzi wa magari ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa za V8. Chukua Chevrolet Camaro ZL1 ya mwaka 1969. Yalitengenezwa magari 69 tu, injini ya alumini ya lita 7. Kwenye mashindano ya magari ya aina hiyo, mwamuzi huinama na tochi kusoma namba iliyogongwa kwenye kabureta ya Holley. Kabureta ya Rochester Quadrajet ina namba ubavuni, na pamoja nayo siku ya mwaka ilipotengenezwa. Ikionekana kabureta ilizaliwa baada ya gari, bei inashuka hapo hapo. Carter, kampuni nyingine ya kabureta, walifunga kibati kidogo chenye namba chini ya skrubu, na mafundi wengi walikitupa bila kujua kwamba wajukuu wao wangekilipia. Siku hizi vibati hivyo vinachongwa upya, vingine kwa nia njema, vingine kwa utapeli.

Kwa Land Rover orodha ni fupi. Series II na IIA za mwanzo zilitoka na Solex 40 PA10. Baadaye kiwanda kikahamia Zenith 36 IV. Ile Weber 34 ICH unayoikuta kwenye magari mengi ni ya kununua dukani kama mbadala. Koo lake ni jembamba zaidi, ina nafuu ya mafuta, lakini mlimani ukikanyaga hadi mwisho utaona imebana. Zenith ina ugonjwa wake unaojulikana: kifuniko cha juu hupinda kwa joto, hewa na petroli vinapenya pasipostahili, gari halishiki sailensa. Wengi huitupa hapo na kununua Weber. Dawa yake ni msasa laini juu ya kioo bapa, kusugua taratibu mpaka uso unyooke, kisha ringi mpya ya mpira. Kazi ya asubuhi moja. Naona aibu kwa kabureta nzima kutupwa kwa sababu hiyo.

Lakini tukiishia kwenye jina lililochongwa ubavuni tutakuwa tumeacha lililo kubwa, maana kabureta inapima mafuta kwa njia ya hewa, na hewa ya huku si ya pwani. Injini inavuta hewa kupitia koo la kabureta. Pale penye wembamba mwendo wa hewa unaongezeka na mgandamizo wake unashuka, ndipo petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli lenye boya kupitia tundu la jeti. Mchanganyiko unaoungua sawasawa ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Sasa pandisha gari hilo kutoka Tanga. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, ukingo wa kreta ya Ngorongoro karibu 2,300. Pale ukingoni uzito wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 20. Mvuto kwenye koo nao unapungua, ila petroli haifuati kwa kiwango kilekile: inapungua kwa asilimia kama 11 tu. Uwiano unateremka hadi kilo 13 na ushee za hewa. Ndiyo maana gari lililosetiwa pwani likifika huko linatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi, na dereva analaumu petroli ya Karatu. Nguvu iliyopotea kwa wembamba wa hewa hairudi kwa kuseti. Mafuta yanayopotea bure yanaweza kuokolewa.

Wamarekani wenyewe walilikiri hili kisheria. Kwa magari ya mwaka 1977, kanuni za moshi zilidai magari yanayouzwa sehemu za juu ya futi 4,000, yaani mita 1,219, yatimize viwango hukohuko juu, na viwanda vikaanza kuyatengea kabureta zake. Kwa kipimo hicho Arusha nzima, kuanzia Kisongo hadi Sanawari, ingehesabiwa nyanda za juu. Kwa hiyo hata kiwanda kimoja, kwa gari la aina moja, kingeweza kuwa na kabureta mbili zilizo sahihi. Anayeng'ang'ania moja tu anajua namba kuliko anavyojua injini.

Tuje kwenye jeti. Kwa Solex na Weber, namba iliyogongwa juu yake ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 125 ni milimita 1.25. Kuishusha hadi 120 kunapunguza eneo la tundu kwa karibu asilimia 8, na kwa gari linaloshinda kati ya Arusha na Ngorongoro hapo ndipo pa kuanzia majaribio. Shida ni waya. Jeti ikiziba vumbi, fundi mwenye haraka anachokoa kwa waya, na shaba ni laini. Baada ya miaka 50 ya kuchokolewa, jeti inaweza kusomeka 125 huku tundu limekuwa la 135. Mwamuzi wa Marekani angeipitisha. Jeti huzibuliwa kwa upepo wa kompresa na petroli safi, basi.

Jaribio zuri liko karibu. Ingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha kwa lango la Momella, pandisha njia ya kwenda Kitoto kupitia ule mkuyu wenye tao ambao Land Rover inapita katikati yake, mpaka karibu mita 2,500 ubavuni mwa Meru. Ukifika, zima injini, acha ipoe, fungua plagi. Zikiwa na rangi ya kahawia hafifu, usiguse kitu. Zikiwa nyeusi tii, shusha jeti hatua moja, na ile ya zamani ifunge kwenye kitambaa pamoja na karatasi yenye namba ya injini. Atakayelinunua gari hilo baadaye ataitaka, hasa akiwa anaishi Tanga.

Wiki ijayo: distributa, pointi na kondensa.