Nani Huzaa Kazi: Tajiri au Mnunuzi?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu wa mwaka italetwa hoja juu ya akiba ya chama. Wenzetu wengine wasema akiba hiyo wakopeshwe wenye mashamba makubwa, kwani hao ndio waandikao vibarua wengi, na tajiri akipata, na maskini hupata. Wengine wasema itolewe mikopo midogo midogo, ili kila mwenye mikarafuu aweze kumlipa mchumaji pishi zake jioni ile ile. Kabla ya kupiga kura yafaa tujiulize: kazi huzaliwa na nani, mwenye mtaji au mwenye kununua?

Kwa kuwa juu ya karafuu kila mtu hapa kisiwani ana lake la kusema, tumeona bora tuanze kwa wenzetu wakulima wa korosho wa Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania Bara. Mtu atokaye Lindi kwenda Masasi hupita Nanganga, penye njia panda ya Ruangwa, na msimu wa korosho malori yenye magunia hupita hapo kuelekea pwani. Katika nchi hiyo fedha nyingi zimepata kumwagwa, na matokeo yake yanajulikana.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na sehemu yake moja ilikuwa Nachingwea, si mbali na Masasi. Fedha zilikuwapo, kwani mradi ulikula pauni milioni 36 hivi. Wanunuzi nao walikuwapo, maana baada ya vita Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kula. Ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na watu wengi wakapata mishahara. Walakini ardhi, mvua na mashine hazikwenda kama ilivyoandikwa katika makaratasi, na karanga hazikupatikana kwa kiasi kilichotakiwa. Januari 1951 mradi ukaachwa, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Ajira zile ziliishi kwa fedha za mwenye mradi, na fedha zilipokoma, nazo zikakoma.

Katika miaka ya 1970 vikajengwa viwanda vya kubangua korosho zaidi ya kumi, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na Masasi na Newala zikapata vyao. Twaweza kusema kwamba hapo mtaji ulikuwa mkubwa kuliko wa tajiri yeyote. Lakini wakati ule ule mkulima alikuwa akilipwa sehemu ndogo ya bei, wengi walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaishika miti. Nchi iliyotoa zaidi ya tani 140,000 katika msimu wa 1973/74, ilitoa chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Viwanda vikakosa korosho na milango ikafungwa. Hivyo kumnyima mkulima bei kulimnyima kazi hata mbanguaji aliyekuwa mjini.

Jambo la tatu ni la juzi. Mwezi wa Novemba 2018 wakulima walizikataa bei ndogo za mnadani, na Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaagizwa kuzibeba. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo yalichelewa kwa ajili ya uhakiki, na wengine wakangoja hadi mwaka 2019. Mkulima asiyelipwa hanunui bati, hamwiti fundi wa nyumba, hamshonei mtoto nguo. Basi fundi bati, mwashi na mshoni, ambao hawana hata mkorosho mmoja, nao hukaa bure.

Hapo mtu atasema, basi jawabu limepatikana: mnunuzi ndiye azaaye kazi. Tusikimbilie. Mlaji wa korosho aliye Ulaya au Marekani ananunua kila siku, na kwa kununua kwake watu hupata kazi ya kubangua. Lakini korosho nyingi za kusini zimekuwa zikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na wanaobangua ni akina mama wa Kollam na wenzao wa huko. Mnunuzi ameizaa kazi, lakini hakuchagua ikae wapi. Aliyechagua ni mwenye mashine na mtaji. Kwa sababu hiyo hatusemi kwamba tajiri hana faida.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1970 mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu alikuwa Indonesia, ambako watu huvuta sigara za kreteki zenye karafuu ndani yake. Wenzetu wale wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 hawakutuhitaji tena kama zamani. Bei ikaporomoka. Mikarafuu yetu ilikuwapo, majamvi yalikuwapo na wachumaji walikuwapo. Mnunuzi ndiye aliyeondoka, na kazi ikaondoka naye.

Kwa maoni yetu, basi, mnunuzi huiita kazi, mwenye mtaji huipa mahali pa kukaa, na mkulima aliyelipwa vizuri huieneza mtaani. Mwenye shamba kubwa haandiki wachumaji kwa kuwa ana fedha. Huwaandika kwa kuwa karafuu zimeiva na zina mnunuzi. Akipewa mkopo mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, hataongeza kibarua hata mmoja. Lakini mkopo mdogo kwa wanachama wengi wakati wa mavuno humfikia mchumaji siku ile ile, na usiku huo huo umekwisha fika dukani, kwa muuza samaki na kwa mshoni.

Kwa hiyo twapendekeza sehemu kubwa ya akiba iwe mikopo midogo ya kuchumia, ilipwe karafuu zikisha kuuzwa. Sehemu ndogo iliyobaki apewe mwenye mtaji, awe mkubwa au mdogo, atakayeonyesha kazi mpya itakayobaki kisiwani, kama vile kufungasha viungo au kukamua mafuta ya makonyo, kama ifanywavyo katika kiwanda cha Wawi, Pemba.

Kila mwanachama aje mkutanoni na hesabu ya wachumaji aliowaandika msimu uliopita, na siku ngapi walingoja malipo yao. Tutaanza mjadala kwa kuzisoma hesabu hizo.

Wassalaam,
Katibu