Nani Husimamia Shule Jijini Arusha? Mzazi Ajue Mlango wa Kubisha

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Jiji la Arusha lina shule za aina nyingi. Zipo shule za msingi na sekondari za Serikali zinazotoa elimu bila ada, na zipo shule za Serikali za mchepuo wa Kiingereza, mfano wake wa zamani ukiwa Arusha School iliyopo katikati ya Jiji. Zipo pia shule za mashirika ya dini, za jumuiya na za watu binafsi. Mzazi huzitofautisha kwa sare, lugha ya kufundishia na ada. Mbele ya sheria, hata hivyo, shule hizo zote zina jambo moja linalozifanana: hakuna inayoruhusiwa kujisimamia yenyewe.

Pamoja na hayo, wazazi wengi hawajui ni nani hasa anayeisimamia shule ya mtoto wao. Wapo wanaopeleka kila malalamiko kwa mwalimu mkuu, hata yale yanayomhusu mwalimu mkuu mwenyewe. Wengine husubiri ziara ya kiongozi wa kitaifa ili watoe kero ambayo ingeweza kumalizwa ndani ya kata kwa wiki moja. Makala haya yanaeleza jinsi usimamizi wa shule ulivyogawanywa, sababu za mgawanyo huo na mlango ambao mzazi anapaswa kuubisha.

Anayeendesha shule si anayeipima

Msingi wa mfumo wa Tanzania ni kutenganisha uendeshaji wa shule na upimaji wa ubora wake. Shule za awali, msingi na sekondari za Serikali huendeshwa na halmashauri, chini ya wizara inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Kwa Arusha, mwendeshaji ni Halmashauri ya Jiji. Mkurugenzi wa Jiji husaidiwa na Afisa Elimu wa Awali na Msingi pamoja na Afisa Elimu Sekondari, na katika kila kata yupo Afisa Elimu Kata anayezifuatilia shule kwa karibu. Mambo ya elimu hujadiliwa katika kamati ya kudumu inayoshughulikia uchumi, afya na elimu, kisha hufikishwa katika Baraza la Madiwani.

Upimaji wa ubora hauko mikononi mwa halmashauri. Kazi hiyo ni ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia kupitia Wathibiti Ubora wa Shule, ambao zamani waliitwa wakaguzi wa shule. Wathibiti hao wana ofisi zao katika ngazi ya wilaya na hawapokei maelekezo ya kazi kutoka kwa Mkurugenzi wa Jiji. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: anayejenga darasa, kupanga walimu na kugawa fedha hawezi kuwa yeye huyo huyo anayejipa alama.

Mthibiti ubora huitazama shule katika maeneo sita: matokeo ya wanafunzi, ubora wa ufundishaji na ujifunzaji, utekelezaji wa mtaala, uongozi wa shule, mazingira na usalama wa wanafunzi, na ushiriki wa jamii. Huingia darasani somo likiendelea, hupitia maandalio ya masomo na madaftari ya wanafunzi, huhesabu matundu ya vyoo na huzungumza na walimu, wanafunzi na wazazi. Viwango anavyotumia vinafahamika. Darasa la shule ya msingi halipaswi kuzidi wanafunzi 45, na la sekondari wanafunzi 40. Tundu moja la choo linatarajiwa kuhudumia wasichana 20 au wavulana 25.

Baada ya ziara, mthibiti huandika taarifa yenye mapendekezo. Taarifa hiyo hupelekwa kwa shule, kwa mwenye shule na kwa mamlaka za elimu, ili kila mmoja atekeleze sehemu yake. Hapa ndipo usimamizi hupata nguvu au huipoteza. Taarifa ikisomwa mbele ya Kamati ya Shule, mapendekezo yake huwa deni ambalo uongozi wa shule utadaiwa. Ikifungiwa kabatini, ziara nzima hugeuka kuwa kumbukumbu ya gharama.

Mikono mingine miwili huukamilisha mgawanyo huu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, hushughulikia maendeleo ya kiutumishi na nidhamu ya walimu walio katika utumishi wa umma. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za halmashauri, na taarifa zake hujadiliwa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Usajili ni mlango wa kwanza

Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu, Sura ya 353, shule haiwi shule kwa sababu ina madarasa na walimu. Ni lazima isajiliwe na Kamishna wa Elimu, iwe ya Serikali au isiyo ya Serikali, na kupewa namba ya usajili. Namba za shule za msingi hutanguliwa na herufi EM, na za sekondari herufi S. Anayetaka kuanzisha shule isiyo ya Serikali huanza kwa kuomba kibali cha kujenga, kisha huthibitishwa kuwa mwenye shule na kupata uthibitisho wa meneja wa shule. Usajili hufuata baada ya majengo na miundombinu kukaguliwa.

Mzazi asione hatua hizo kuwa makaratasi matupu. Mtoto anayesoma mahali pasipo na usajili anaweza kukwama wakati wa kuandikishwa kufanya mtihani wa taifa. Aidha, si kila mahali penye watoto wadogo na bembea ni shule ya awali. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kwa utaratibu wa ustawi wa jamii, tofauti na ule wa shule. Kuuliza namba ya usajili kabla ya kulipa ada ni haki ya mzazi, na mwenye shule aliyefuata taratibu hana sababu ya kuificha.

Mipaka ya utawala nayo huleta mkanganyiko. Jiji la Arusha limezungukwa na Wilaya ya Arumeru, yenye halmashauri mbili: Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Mtu aliyezoea maeneo haya huona mji mmoja tu unaoendelea hadi Ngaramtoni upande mmoja na hadi Tengeru na Usa River upande mwingine, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Hata hivyo, Ngaramtoni ipo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na Tengeru na Usa River zipo chini ya Meru. Shule ya Sekondari Ilboru, ambayo wengi huihesabu kuwa ya mjini, ipo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Mzazi anayepeleka hoja ya shule ya Tengeru katika ofisi za Jiji atarudishwa, si kwa sababu hoja yake haina uzito, bali kwa sababu amebisha mlango wa jirani.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne katika shule za umma, na utekelezaji wake ulianza Januari 2016. Mwaka 2022 nafuu hiyo iliongezwa hadi kidato cha tano na cha sita. Badala ya ada, Serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji ya Sh 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na Sh 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari. Katika ile Sh 10,000, Sh 6,000 hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na Sh 4,000 huelekezwa kwenye vitabu.

Hesabu hii kila mzazi anaweza kuifanya. Shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 inatarajiwa kupokea Sh 6,000,000 kwa mwaka, sawa na wastani wa Sh 500,000 kwa mwezi, kwa ajili ya vifaa vya kufundishia, mitihani, ukarabati mdogo, michezo na utawala. Fedha hizo huingizwa katika mfumo wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma, unaojulikana kama FFARS, na mapato na matumizi hupaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Ubao ukiwa mtupu, swali la kwanza la Kamati ya Shule liwe hilo.

Kamati hiyo ndiyo chombo kilicho karibu zaidi na mzazi. Katika shule ya msingi huitwa Kamati ya Shule, na katika sekondari Bodi ya Shule. Wajumbe wake hutoka miongoni mwa wazazi, walimu na jamii, na kazi yao ni kupitisha mpango wa maendeleo wa shule, kufuatilia matumizi ya fedha na kusimamia miradi ya ujenzi. Kamati isiyokutana humwacha mwalimu mkuu peke yake, na mwalimu mkuu aliye peke yake hata akiwa mwadilifu hana wa kumshuhudia.

Shule zinazotoza ada

Nchini Marekani, ambako Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1991, zipo shule za umma zinazoendeshwa na bodi huru kwa mkataba. Shule hupewa fedha za umma na uhuru mpana. Isipofikia malengo iliyoahidi, mkataba wake unaweza kusitishwa na shule ikafungwa. Tanzania haina mfumo huo, lakini swali lililo ndani yake tunalo pia: shule ikipewa nafasi ya kujiendesha kwa namna yake, nani ataihoji?

Kwa shule za Serikali za mchepuo wa Kiingereza jibu liko wazi. Mzazi hulipa ada iliyoidhinishwa na mamlaka, lakini shule inabaki mali ya umma. Walimu wakuu wake huwajibika kwa Mkurugenzi wa Jiji, na wathibiti ubora huingia kama wanavyoingia katika shule nyingine yoyote.

Shule zisizo za Serikali huajiri walimu wao na kupanga bajeti zao, lakini usajili wake huambatana na masharti ya kufuata mtaala ulioidhinishwa, nyaraka za elimu na viwango vya usalama. Mfano wa karibuni ni zuio la huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne, lililoanza kutumika Machi 1, 2023. Shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza nchini zilikuwa na mabweni ya watoto wa umri huo, na zilitakiwa kutii sawa na nyingine zote.

Usalama unaovuka geti la shule

Wakazi wa Arusha wanajua kwa uchungu kwamba usimamizi wa shule hauishii darasani. Mei 6, 2017, ajali ya basi la wanafunzi eneo la Rhotia wilayani Karatu iliua watu 35, wengi wao wakiwa wanafunzi wa shule moja ya jijini Arusha waliokuwa safarini kwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Aprili 12, 2024, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua katika korongo jijini humo na kusababisha vifo vya watoto.

Matukio hayo yalionesha kuwa maisha ya mtoto anayekwenda shule yamo mikononi mwa taasisi zaidi ya moja. Leseni ya gari hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ubora wake barabarani hukaguliwa na Kikosi cha Usalama Barabarani, na shule ndiyo inayochagua dereva na kuamua idadi ya watoto watakaopanda. Maji yashukayo kutoka Mlima Meru hujaza makorongo ya Jiji kwa muda mfupi. Kwa hiyo uamuzi wa dereva kuvuka au kungoja ni sehemu ya usalama wa shule, kama ulivyo mlango wa dharura wa bweni. Mzazi anayehesabu watoto ndani ya gari la shule kila asubuhi hafanyi udadisi, anashiriki usimamizi.

Mlango upi ubishwe?

Hoja ya kila siku, kama utoro wa mwalimu au upungufu wa madawati, ianzie kwa mwalimu mkuu na Kamati ya Shule. Isipopata jibu, ipelekwe kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa Afisa Elimu wa Jiji. Hoja ya fedha ipelekwe kwa Kamati, kwa diwani na kwa Mkurugenzi. Penye dalili za rushwa, TAKUKURU ipo. Hoja ya ubora wa ufundishaji au usajili, kwa shule ya Serikali na isiyo ya Serikali, ni ya ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule. Hoja ya ukatili dhidi ya mtoto haingoji kikao: ipelekwe mara moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi au kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Jiji la Arusha lina wakazi 617,631. Mji wa ukubwa huo hauwezi kusimamiwa na maofisa waliopo ofisini peke yao. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, hatua itakayowaweka watoto shuleni kwa muda mrefu zaidi kuliko ule wa darasa la saba pekee. Serikali imegawa majukumu ili pasiwepo mtu mmoja anayeendesha, kujikagua na kujipongeza. Mgawanyo huo utawalinda watoto iwapo mzazi atahudhuria kikao cha shule, atasoma ubao wa matangazo, na atauliza taarifa ya mwisho ya wathibiti ubora ilisema nini na nini kimetekelezwa tangu siku hiyo.